Kibaba si Ratili: Matembezi Yetu Katika Soko la Darajani

Mwenye kuuingia Mji Mkongwe wa Unguja kwa upande wa mashariki hana budi kupita Darajani. Jina hilo ni kumbukumbu ya daraja lililokuwa likivuka mkono wa bahari ulioutenga mji na Ng'ambo. Mkono huo wa bahari ulifukiwa katika karne ya 20, daraja likaondoka, na jina likabaki. Soko lenyewe lilijengwa mwaka 1904, na mpaka leo, pamoja na maduka yote yaliyozuka kila pembe ya mji, hapo ndipo watu wa Unguja wanapokwenda wakitaka samaki, nyama, viungo na matunda, na wakitaka pia kujua bei za siku hiyo zikoje.

Tulifika huko katika siku za mwisho za Shaaban. Msomaji aliyepata kuwa Unguja katika siku hizo hahitaji kuelezwa. Watu wananunua kama wanaojiandaa kwa safari ndefu: mchele, sukari, tambi, iliki, nazi, na juu ya vyote hivyo tende na zabibu. Upande wa samaki tuliupita upesi, kwani harufu yake haimpi mtu nafasi ya kutafakari, tukaenda moja kwa moja kwenye maduka ya vyakula vikavu. Hapo tende zimepangwa katika maboksi na mifuko, nyeusi na za rangi ya asali. Zabibu zimewekwa katika magunia yaliyofunguliwa midomo, nyeusi, za njano na za kijani. Kando yake zipo tini kavu zilizotungwa katika kamba, mishimishi, na ukwaju ulioshindiliwa mabonge mabonge.

Zamani tende hazikuja katika maboksi. Zilikuja na majahazi ya Kaskazi kutoka Basra na Omani, zimeshindiliwa ndani ya makanda ya ukindu, na majahazi hayo yakitia nanga Malindi mji mzima ulijua. Tende ya kanda ilikuwa imebanwa hata ikawa kitu kimoja. Mwenye duka aliikata kwa kisu kama anayekata halua. Kwa sababu hiyo haikuwezekana kuipima kwa kibaba, kwani bonge halijazi chombo. Liliwekwa katika mizani, likapimwa kwa ratili, na kanda zima likahesabiwa kwa frasila, yaani ratili 35, ambazo ni takriban kilo 16 za leo. Lakini mchele, mtama na kunde zilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na vibaba vinne ni pishi. Wazee wetu basi walikuwa na vipimo vya namna mbili ndani ya duka moja, kipimo cha ujazo na kipimo cha uzito, na kila bidhaa ilijua mahali pake.

Mfano ulio bora kabisa wa jambo hili ni karafuu. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, karafuu ikiwa mbichi, imetoka mtini sasa hivi. Ikishaanikwa na kukauka huuzwa kwa uzito. Hakuna Mpemba atakayekubali kuambiwa kwamba pishi ya mbichi na pishi ya kavu ni kitu kimoja, kwani ameziona kwa macho yake zikinywea juani. Tena hata kibaba chenyewe kilikuwa cha namna mbili: kibaba cha mfuto, ambacho hupanguswa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, ambacho hurundikwa mpaka kikawa na kilele. Mnunuzi mwerevu aliuliza kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili, ndipo akauliza bei.

Elimu hii ya vipimo viwili twaiona inapotea, na tuliyoyashuhudia dukani siku ile yalituthibitishia. Alikuja binti wa miaka kumi na sita au kumi na saba, ameshika simu yake mkononi, akaamkia kwa adabu:

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Nataka vikombe viwili vya zabibu, na kikombe kimoja na nusu cha tende za kukatakata."

Mwenye duka akacheka, si kwa dharau. "Mwanangu, hapa hakuna vikombe, hapa pana mizani. Sema kilo, sema nusu, sema robo."

Binti akaitazama simu yake tena, kana kwamba jawabu litatokea humo. Mapishi yaliyoandikwa humo yalisema vikombe, basi. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akaamua shauri: "Mpimie zabibu nusu kilo, tende robo kilo. Zikizidi zitaliwa wakati wa kufuturu." Ikawa hivyo, binti akalipa akaenda zake.

Je, bibi yule alikisia vyema? Katika tende alikisia vyema sana, karibu tuseme kwa miujiza. Katika zabibu alimzidishia mjukuu huyu wa watu kiasi cha gramu 200, na zabibu si bidhaa rahisi. Tumelipima jambo hili, na hesabu yake ni hii.

Kikombe kinachotajwa katika vitabu vya mapishi vya Marekani ni kipimo maalumu, si kikombe chochote cha kabatini. Huchukua mililita 237 hivi. Kikombe hicho kikijazwa zabibu bila kushindiliwa, kikapanguswa juu, zabibu zake huwa na uzito wa gramu 145. Zikishindiliwa kwa kidole huingia nyingine, zikafika gramu 165. Kwa matumizi ya jikoni yatosha kushika gramu 150. Tende zilizotolewa kokwa na kukatwa vipande huwa karibu na hapo hapo, gramu 150; na tini kavu vilevile. Mishimishi ni nyepesi zaidi, gramu 130, kwa kuwa vipande vyake ni vipana na vina mikunjo, haviketi vizuri pamoja. Plamu kavu zilizotolewa kokwa hufika gramu 175, kwa ulaini wake na unyevu wake.

Basi vikombe viwili vya zabibu ni gramu 300, na kikombe kimoja na nusu cha tende ni gramu 225. Lakini tende zinazonunuliwa zina kokwa, na kokwa huchukua kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito, na katika tende nyembamba huzidi hapo. Robo kilo ya tende nzima ikitolewa kokwa hubakia gramu 225 au pungufu kidogo. Ndiyo maana tukasema bibi yule alikisia vyema.

Wako watakaosema: ya nini dhiki yote hii kwa ajili ya zabibu? Mama zetu walipika pilau na tambi kwa kukisia kwa mkono, na hakuna aliyelalamika. Ni kweli, na sisi hatutaki kumfundisha kutia zabibu katika pilau mtu ambaye mkono wake umekwisha kuzoea. Pilau husamehe. Mkate wa tende hausamehi. Tende zikizidi unga hautaweza kuzibeba, mkate utakuwa mzito na katikati utabaki mbichi. Zikipungua utakuwa mkavu, kwa kuwa unyevu na utamu wake hutoka humo humo katika tende. Tena vijana wetu leo hawajifunzi kupika kwa kusimama kando ya mama miaka kumi. Hujifunza kwa maandishi yaliyoandikwa na mtu wa nchi nyingine kwa vyombo vya nchi nyingine, na asiyejua kukigeuza kipimo atapoteza chakula na fedha, na mara nyingi atajitukana bure kwamba hajui kupika.

Na mitego iko mingi. Vitabu vya zamani vya Uingereza, ambavyo nakala zake bado zimo katika nyumba nyingi za mwambao, vilipima vitu vikavu kwa wakia na ratili; wakia ni gramu 28 na kidogo, na wakia 16 ni ratili moja, yaani gramu 454. Ratili moja ya zabibu basi hujaza vikombe vitatu vya Kimarekani, na hesabu hiyo ni nyepesi kukumbukwa. Lakini vipo vitabu vinavyosema kwamba kikombe ni wakia 8, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wakia hizo 8 si za mizani; ni za vitu vya majimaji, kipimo cha ujazo kilichopewa jina moja na kipimo cha uzito. Kikombe cha wakia 8 za maji huchukua zabibu zenye uzito wa wakia 5 na kidogo tu. Mwenye kuweka wakia 8 za zabibu katika mizani kwa sababu kitabu kimesema kikombe kimoja ametia zaidi ya kikombe na nusu.

Kikombe chenyewe nacho hakina kauli moja. Cha Marekani tumekitaja. Cha Australia ni mililita 250. Kile cha zamani cha Uingereza, cha nusu painti, ni mililita 284, nacho kimekizidi cha Marekani kwa sehemu moja katika tano. Ama kikombe cha chai cha nyumbani kwetu, kila nyumba ina chake, na kikombe cha kahawa tusikitaje kabisa.

Sababu ya yote haya ni hewa na maji. Hewa, kwa kuwa tunda kavu lina makunyanzi, na baina ya moja na jingine hubakia nafasi tupu. Mchele una chembe ndogo zilizo laini, hujipanga karibu karibu, na kikombe kile kile huchukua gramu 190 hivi za mchele. Maji, kwa kuwa kukausha ni kutoa maji. Zabibu mbichi karibu sehemu nne katika tano zake ni maji, na kavu hubakiwa na kiasi cha sehemu 15 katika 100. Kwa hiyo hutakiwa kilo nne au zaidi za mbichi kupata kilo moja ya kavu. Zabibu iliyokaa dukani mwaka mzima hukauka zaidi na kuwa nyepesi, na iliyorowekwa katika maji ya vuguvugu kabla ya kupikwa hunywa maji ikavimba na kukijaza kikombe upesi. Ikiwa mapishi yamesema kikombe kimoja cha zabibu zirowekwe, basi pima kwanza kisha uroweke.

Msomaji asiye na mizani jikoni asikate tamaa. Mwenye duka anayo. Nunua nusu kilo ya zabibu iliyopimwa sawasawa, uende nayo nyumbani, uchukue kikombe kile unachokitumia siku zote, uzipime bila kushindilia, ukipangusa juu, na uhesabu vimetoka vikombe vingapi. Gawanya 500 kwa hesabu hiyo. Ikiwa vimetoka vitatu na theluthi, kikombe chako ni sawa na cha Marekani na kimechukua gramu 150. Ikiwa vimetoka vitano, kikombe chako ni kidogo, na kimechukua gramu 100. Fanya vivyo hivyo kwa tende zilizokatwa, uandike katika karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Ni kazi ya robo saa, na binti wa nyumbani aliyefika darasa la tano aweza kuifanya peke yake.

Tulipokuwa dukani mle tukikumbuka vibaba na pishi, mzee mmoja alituuliza kama twajua kwamba mabishano ya kipimo na uzito ni ya zamani kuliko Darajani. Naye alisema kweli, kwani hata neno pishi, katika vinywa vya masheikh wetu wanaofasiri hadithi, ndilo linalosimama mahali pa swaa ya Madina, kama vile kibaba kinavyosimama mahali pa mudi; swaa moja ni mudi nne, na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja. Madina ulikuwa mji wa mitende, na watu wake walipima kwa vyombo. Makka ulikuwa mji wa biashara ya safari, na watu wake walipima kwa mizani. Imepokewa katika Abu Daud na Nasai kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, aliuweka uzito kuwa ni uzito wa watu wa Makka, na kipimo cha chombo kuwa ni kipimo cha watu wa Madina. Hakukiweka kimoja mahali pa kingine. Na katika Kurani Tukufu, Nabii Shuaibu alipowaonya watu wa Madiani alivitaja vyote viwili, kipimo na mizani, kila kimoja kwa jina lake.

Liko na jambo lililo karibu zaidi na zabibu zetu. Mtume aliulizwa juu ya kuuza tende mbivu zisizokauka kwa tende kavu. Kabla ya kujibu aliuliza kwanza: je, mbivu hupungua zikikauka? Wakasema ndiyo, naye akalikataza. Mwenye kutafakari swali hilo ataona kwamba ndilo swali la mchuma karafuu wa Pemba, na ndilo swali la binti aliyeshika simu: kitu hiki kikikauka huwa kiasi gani?

Baadaye wanavyuoni walikhitalifiana juu ya uzito wa swaa. Watu wa Kufa walisema ni ratili 8 za Iraki. Kadhi mashuhuri Abu Yusufu, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, alipofika Madina aliuliza habari hiyo, na kesho yake wakamjia kiasi cha wazee 50, wana wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja amechukua swaa chini ya nguo yake, kila mmoja akisema ameirithi kwa watu wa nyumbani kwake. Akazilinganisha, akazikuta ni sawa, nazo zilikuwa ratili 5 na theluthi kwa upungufu kidogo. Akaiacha kauli yake ya kwanza. Sisi hupendezwa sana na habari hii, kwa sababu jambo halikukatwa kwa maneno marefu. Lilikatwa kwa vyombo vya jikoni vilivyotunzwa na familia.

Hata hivyo Imamu Nawawi, katika karne ya 7 ya Hijra, alionyesha kwamba kuiweka swaa katika ratili kuna mashaka, kwa kuwa swaa ni chombo, na uzito wa kilichomo hubadilika kwa kila namna ya nafaka. Twaona basi kwamba imamu mkubwa wa madhehebu ya Shafi alilijua vyema lile ambalo mwandishi wa mapishi hakulieleza katika simu ya yule binti.

Na hapa jambo linatoka jikoni linaingia katika haki ya maskini. Katika zakatul-fitri, hadithi zimetaja swaa ya tende, na ya shairi, na ya zabibu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, fitri hutolewa katika chakula kikuu cha mji, nacho kwetu ni mchele. Masheikh wengi wa kwetu huikadiria pishi ya mchele kwa kilo 2 na nusu. Sasa tuchukue chombo kile kile kinachochukua kilo 2 na nusu za mchele, tukijaze zabibu. Kwa hesabu ya gramu 190 na gramu 150 tuliyoitaja juu, zabibu zitakazoingia hazitafika kilo 2 kamili. Chombo ni kimoja, swaa ni moja, na uzito umepungua kwa zaidi ya nusu kilo.

Tumepata kumsikia mtu, tena msomi, akisema kwamba alipima swaa ya zabibu akaipata kilo 2, na kwa hiyo kilo 2 za mchele zamtosha. Huyo ameuchukua uzito wa kitu chepesi akauweka juu ya kitu kizito. Mchele wa kilo 2 hauijazi swaa yake. Ikiwa nyumba ina watu wanane, kilo 4 za mchele zimebaki ghalani kwake usiku wa Idi, nazo ni za mtu mwingine. Hatusemi kwamba amekusudia. Twasema chombo kingalimwonyesha mara moja. Hukumu ya kila hali tunawaachia masheikh, na mwenye shaka awaulize kabla mwezi haujaandama.

Tukamwuliza mwenye duka kama angali na pishi. Akainama chini ya meza, akatoa kopo la zamani la bati, limebonyea ubavu mmoja. Akasema ni la marehemu baba yake, na kwamba kila mwaka katika kumi la mwisho la Ramadhani hulitoa, akalijaza mchele kwa mfuto, akalimimina katika mizani yake ya umeme. Mwaka uliopita, kwa mchele wa Mbeya, ilisoma kilo 2 na gramu 480. Kwa mchele wa kutoka ng'ambo ilisoma zaidi kidogo. Tukamwuliza yeye hufuata ipi. Akasema anapouza huifuata mizani, kwani ndiyo sheria. Na kwa fitri ya watu wa nyumbani kwake hulijaza kopo la baba yake, kisha huongeza konzi moja juu ya kila pishi, kwa ajili ya ule ubavu uliobonyea.